Kichwa Kimeanza Kuuma Lini?

Mtu anayemeza dawa za akili akisema kichwa kinamuuma, husikilizwa nusu. Nimelijua hili mwilini mwangu. Kabla sijaanza dawa nilikuwa mwalimu wa baiolojia mwenye kichwa cha kawaida. Kikiniuma, mmoja alikuwa akiniambia nikapime malaria, mwingine nikapime macho kwa kuwa nasahihisha madaftari usiku, mwingine ninywe maji maana nashinda kwenye vumbi la chaki. Baada ya kuanza dawa, kichwa kilekile kikapewa jibu moja kila nilikokipeleka. Mawazo. "Punguza mawazo, mama."

Naandika haya kwa sababu jibu hilo linaumiza watu, na nimeona lilivyokaribia kuua.

Sonona ilinishika mwaka uliofuata kifo cha mama yangu. Nilikuwa naamka saa tisa usiku na kukaa kitandani mpaka adhana, chakula hakipiti, na darasani nikawa nasahau jina la mwanafunzi niliyemfundisha tangu kidato cha kwanza. Mume wangu ndiye aliyenishika mkono tukaenda hospitali. Daktari wa afya ya akili tuliyemkuta alikuwa kijana, rika la wanafunzi wangu wa mwanzo. "Shikamoo, mwalimu," alisema kabla sijaketi. Salamu ile ilinifungua kinywa. Nilikuwa nimekwenda nikiogopa yale maneno ambayo kwetu Tanzania hutupiwa yeyote anayeonekana amechanganyikiwa: mpelekeni Mirembe. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, imetibu watu tangu enzi za ukoloni, na wengi wamerudi makwao kuendelea na kazi zao. Jina lake limefanywa tusi hata na watoto wa shule ya msingi, na tusi hilo ndilo linalomfanya mtu akae na ugonjwa wake nyumbani hadi umzidi.

Alinianzishia amitriptilini. Ni dawa ya zamani, imekuwapo tangu miaka ya 1960, bei yake si kubwa, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Alinieleza kwamba mdomo utakauka, choo kitakuwa kigumu, nitasinzia, na kwamba nafuu ya moyo haiji siku ya pili. Inataka wiki kadhaa. Kitu ambacho ningependa kijulikane na wengi ni kwamba dawa hiyohiyo, kwa dozi ndogo, hupewa watu wasio na ugonjwa wowote wa akili ili kuwazuilia kipandauso, au yale maumivu ya kichwa yanayobana kuanzia kwenye paji hadi kisogoni. Kwenye foleni ya dirisha la dawa watu wawili wanaweza kupokea pakiti zinazofanana kabisa, mmoja akitibiwa huzuni na mwingine akitibiwa kichwa. Ukiwaona hapo huwezi kujua yupi ni yupi.

Kichwa cha kwanza, nikiite hivyo, kilikuja dawa zilipoadimika. Dirishani hazikuwapo, maduka ya mtaani hayakuwa nazo, nikakaa bila kidonge. Baada ya siku chache nikaanza kichefuchefu, jasho la usiku, mwili kunyong'onyea, na kichwa kuuma tangu asubuhi hadi jioni. Nikaenda zahanati moja ya jirani. Mhudumu aliyenipokea alifungua daftari langu, akakuta neno sonona na jina la dawa, akalifunga. Presha hakunipima. Joto hakunipima. Aliniambia nisali sana na nipunguze kumuwaza marehemu.

Hakuwa mtu mbaya, na foleni nje ilikuwa ndefu. Lakini swali alilopaswa kuniuliza ni fupi kuliko ushauri alionipa: kichwa kimeanza kuuma lini? Ningemjibu kwamba kimeanza baada ya dawa kwisha, na jibu langu lingemfikisha karibu sana na ukweli. Mwili uliozoea amitriptilini kwa muda mrefu, ukikatiwa ghafla, unaweza kujibu kwa kichefuchefu, maumivu ya kichwa na unyonge. Jambo hili si siri. Limeandikwa katika maelezo ya dawa yenyewe. Watu wengi wakisikia hivyo husema, basi hizo dawa zinaleta uteja. Sikubaliani nao. Teja wa dawa za kulevya huitamani dawa na kuongeza kiasi siku hadi siku. Mimi sikuitamani amitriptilini hata kidogo, mdomo wangu ulikuwa umechoka kukauka. Mwili ulikuwa umejipanga kuishi nayo, na kama ni kuiacha, ulihitaji kupunguziwa taratibu, kwa mpango uliowekwa na daktari.

Nilipofanikiwa kurudi kwake, daktari wangu aliona pia kwamba choo kigumu na moyo kwenda mbio vinanitesa, akanihamishia kwenye fluoksetini, akipunguza ile ya kwanza kidogokidogo. Alinikataza nisizichanganye kwa uamuzi wangu hata nikibakiwa na vidonge vya zamani kabatini, kwa kuwa fluoksetini huweza kuipandisha amitriptilini kwenye damu kupita kiasi. Kisha akasema jambo ambalo hadi leo namshukuru nalo. "Mwalimu, siku za mwanzo kichwa kinaweza kuuma. Kwa watu wengi hupoa chenyewe ndani ya wiki chache. Kisipopoa, au kikija na kitu kingine usichokielewa, usisubiri tarehe ya kliniki, njoo."

Kichwa kikauma kweli. Lakini maumivu uliyotabiriwa hayaumi sawasawa na yale yanayokuvamia. Nililala nayo bila hofu kwamba ninakufa, au kwamba ubongo wangu unaoza. Wifi yangu alikuja kunitazama na mchele wa Kilosa na mkungu wa ndizi, akanikuta nimejifunga kitambaa kichwani. "Wifi yangu, hizo dawa zinakula ubongo," aliniambia huku ananikanda mabega. "Ziache, nikupeleke kwenye maombi." Nampenda wifi yangu na najua alisema kwa mapenzi. Nilimjibu kwamba maombi nayataka na dawa naendelea nazo, tukaenda pamoja Jumapili, na kidonge changu nilikimeza asubuhi ileile kabla ya ibada. Ningekuwa sikuambiwa mapema na daktari, ningeziacha siku hiyo. Naamini watu wengi huachana na dawa hizi katika wiki hizo za kwanza, wakati madhara yameshafika na faida bado iko njiani. Ndiyo maana kila anayeandika cheti cha dawa hizi ana deni la kumwambia mgonjwa kitakachotokea kabla hakijatokea.

Kichwa kile kilipoa kama alivyosema. Huzuni nayo ikaanza kuachia, polepole sana. Nikacheka tena, na mume wangu akaniambia kwamba alikuwa amesahau sauti ya kicheko changu.

Kisha, miezi ikiwa imepita, kichwa kikarudi kwa namna nyingine. Hiki hakikuwa na tarehe. Kilikuwa kipo tu, kizito, kila siku, tangu ninapofumbua macho. Nilikuwa namaliza darasa moja na kumeza vidonge viwili vya maumivu, kikinyamaza naingia darasa la pili, jioni kinarudi. Vidonge hivyo kila mtu anavyo: walimu wenzangu kwenye mikoba, duka la vocha, mama wa genge. Kuna vya paracetamoli tupu, na kuna vile vyenye kafeini ndani ambavyo watu huvisifu kwamba vina nguvu. Ukivinunua hakuna anayekuuliza chochote. Na kila niliyemlalamikia alinirudisha palepale: mawazo, ugonjwa wako, pumzika.

Aliyenitoa kwenye mzunguko huo alikuwa mfamasia, mama wa makamo, katika duka kubwa la dawa ambako nilikwenda kununua diklofenaki baada ya mwenzangu kuniambia hiyo ndiyo kiboko. Hakuinyanyua kwenye rafu. Aliniuliza kwanza, "Kuna dawa nyingine yoyote unatumia, mwanangu?" Nilipotaja fluoksetini nilishusha sauti kwa kuwa nyuma yangu kulikuwa na watu. Yeye hakushtuka. Alinisogeza pembeni ya kaunta na kuniambia kwamba fluoksetini ikikutana na diklofenaki, aspirini au ibuprofeni, hatari ya kutokwa damu tumboni huongezeka. Akanionya kuhusu tramadoli, ambayo mtu anaweza kuuziwa mtaani kama dawa ya maumivu makali: ikiunganishwa na fluoksetini inaweza kuleta mtetemo, homa, moyo kwenda mbio, hata degedege. Na akaniambia kwamba kwa anayetumia lithiamu, nayo ni dawa ya akili, ibuprofeni na diklofenaki huweza kuipandisha lithiamu kwenye damu hadi ikawa sumu. Mimi situmii lithiamu, lakini nilimsikiliza hadi mwisho, maana nilikuwa nawaza ni watu wangapi wanaotumia na hawajawahi kusogezwa pembeni ya kaunta namna ile. Mwishowe akaniuliza ninameza vidonge vya maumivu siku ngapi kwa mwezi. Sikuwa na jibu. "Basi kaandike," alisema. "Kisha mpelekee daktari wako karatasi hiyo, si maneno matupu."

Nikaandika. Nilichukua shajara ya kazi ya shule na kuchora safu: siku, saa kichwa kilipoanza, kinauma wapi, nimelala vipi, nimekula nini, hedhi, kidonge gani cha maumivu, fluoksetini nimeimeza au la. Haikuchukua muda, nilikuwa naijaza wakati wanafunzi wanafanya zoezi.

Katika ualimu wangu kuna kisa ambacho huwasimulia wanafunzi ninapofundisha vimeng'enya, na nilipokuwa nachora zile safu ndipo nilipokielewa kwa undani. Dawa za kwanza za sonona zilipatikana katika miaka ya 1950, na moja ya awali kabisa, iproniazidi, ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya kifua kikuu. Wagonjwa wa kifua walionekana wakichangamka kuliko ilivyotarajiwa. Dawa za ukoo huo huzuia kimeng'enya kimoja mwilini. Zikaanza kutumika kwa sonona, na baadhi ya waliozitumia wakawa wanapatwa na maumivu makali ya kichwa ya ghafla. Wengine walivuja damu kwenye ubongo. Mwaka 1963 daktari kijana wa Hospitali ya Maudsley, London, Barry Blackwell, aliandika katika jarida la Lancet kwamba chanzo ni jibini. Jibini iliyokomaa ina tiramini nyingi. Kwa kawaida kimeng'enya kile huivunja. Dawa ikikizuia, tiramini hupita na kupandisha presha ghafla. Na kilichomsogeza Blackwell kwenye jibini ni barua ya mfamasia wa Nottingham, ambaye mke wake alikuwa akitumia dawa hizo. Mume huyo aliona kwamba kichwa kilimpasua mkewe alipokula jibini, akaona kikirudi alipokula tena, akaandika.

Hebu fikiria kama angejibiwa kwamba mkewe ana mawazo. Mwanamke yule alikuwa mgonjwa wa sonona na kichwa kilikuwa kinamuuma. Sifa zote za kupuuzwa alikuwa nazo. Aliokolewa na mtu aliyeishi naye nyumba moja, aliyelinganisha sahani ya chakula na saa ya maumivu.

Nilimpelekea daktari wangu shajara. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata safu. Alinipima presha, akanikunja shingo, akamulika ndani ya macho yangu kwa kifaa chake chenye lenzi, akanitaka nitembee kwa mstari na nishike pua kwa kidole macho yakiwa yamefumbwa. Nilitamani kulia kwa jinsi nilivyokuwa nachunguzwa tu, kama mwalimu yeyote mwenye maumivu ya kichwa. Kisha akaweka kalamu kwenye safu ya vidonge vya maumivu. Ilikuwa imejaa zaidi ya nusu ya mwezi.

Akanieleza. Mtu mwenye tabia ya kuumwa kichwa, akimeza paracetamoli, aspirini au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, vidonge hivyo vyenyewe huweza kukigeuza kichwa kiwe kinauma karibu kila siku. Kwa vile vya mchanganyiko, vyenye kafeini au kodeini, mpaka ni mdogo zaidi: siku 10 kwa mwezi. Kinachohesabiwa ni siku, hata kama kila siku umemeza kimoja tu. Dawa ikiisha nguvu kichwa hurudi, unameza tena, na mchezo hauishi. Fluoksetini yangu haikuwa na hatia katika hili, na marehemu mama yangu pia hakuwa nayo.

Tuliviacha vile vidonge vya maumivu. Fluoksetini ilibaki palepale. Alinionya kwamba kwanza hali itakuwa mbaya zaidi, na ikawa mbaya kweli: nilitapika, sikulala, nilimwomba mwalimu mwenzangu anishikie vipindi. Mume wangu alipika na kuwaogesha watoto bila kusema neno. Kisha siku moja nikiwa nafuta ubao nikagundua kwamba hakuna kinachouma, na kwamba hakijauma tangu jana. Hakikutoweka moja kwa moja. Bado kinanijia mara mojamoja, hasa nikikosa usingizi, na nikikitibu kwa paracetamoli sipitishi siku mbili kwa wiki.

Ningeishia hapa kama yasingempata mtoto wa jirani yangu. Ni kijana anayetumia haloperidoli, dawa nyingine ya akili; ni mpole, fundi wa baiskeli. Alianza kuumwa kichwa, akawa anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Kituo kimoja walichompeleka kikasema ugonjwa wake umepanda, wakashauri aongezewe dozi. Mama yake alikuja kwangu usiku kwa kuwa anajua nami nimo humo. Nilimuuliza swali langu: kimeanza lini? Akasema juzi, kikiwa na homa. Nilimshika kijana shingoni, alikuwa anaungua. Tulimwita mwenye bajaji, tukampeleka hospitali nyingine, na pale mapokezi mama yake alitaka kuanza na habari za haloperidoli kama alivyozoea. Nilimwomba aanze na homa. Damu ya kidoleni ilitolewa, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, akalazwa na kuchomwa sindano za artesuneti.

Haloperidoli nayo tuliitaja usiku uleule, na pakiti tulizitoa mfukoni, kwa sababu zilikuwa na maana kwa aliyemtibu. Baadhi ya dawa za malaria na baadhi ya dawa za akili zote hugusa mapigo ya moyo. Isitoshe, kwa nadra sana haloperidoli yenyewe huweza kuleta homa kali, misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa, na hiyo ni dharura inayojitegemea. Kwa hiyo simwambii mtu afiche dawa zake. Ninachosema ni kwamba dalili zitajwe kwanza, pamoja na saa zilipoanza, dawa zifuate, na anayekuhudumia aulizwe kwa heshima: umepima nini?

Kuna vichwa visivyosubiri shajara wala tarehe ya kliniki. Kile kinacholipuka ghafla kikawa kikali kuliko vyote ulivyowahi kuumwa. Kile chenye homa na shingo ngumu. Kinachokuja na kupooza upande, ulimi kuwa mzito, macho kutoona vizuri, degedege au kuchanganyikiwa. Cha mjamzito au aliyejifungua karibuni, maana kinaweza kuwa cha presha. Cha mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi, hata kama kinakuja polepole, kwa kuwa kuna fangasi anayeshambulia utando wa ubongo. Kinachofuata kuanguka au kupigwa kichwani. Kinachoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50. Mwenye dawa za akili akipatwa na kimojawapo apelekwe leo, na anayempeleka asikubali kurudishwa mlangoni kwa neno mawazo.

Kijana yule amerudi kwenye baiskeli zake. Mama yake amenunua daftari la kurasa 40 na kulifunga kwa kamba kwenye msumari wa jikoni. Kila homa, kila usiku wa kukosa usingizi, kila mabadiliko ya dozi yanaingia humo, kwa mwandiko wa binti yake mdogo. Mimi nimemuuliza daktari wangu kama wakati umefika wa kuanza kupunguza fluoksetini. Amesema inawezekana, lakini tusianze mwezi wa Novemba wakati kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa na mimi silali. Tumekubaliana Januari, kidogokidogo, na shajara niwe nayo.